Pedali ya Kulia

Pedi zilikuwa nene.

Mulwa alizigeuza kwenye mwanga, akazipangusa kwa kitambaa, akazigeuza tena. Alikuwa amelala ubavu juu ya gunia katika gereji ya nyumbani kwa Bwana Gurdeep, Spring Valley, bega likinywa baridi ya saruji. Gurudumu la nyuma la pikipiki lilikuwa limeshatolewa na kuegemezwa ukutani. Pedi hizo za breki alizifunga yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita. Alikumbuka kwa sababu ndiyo wiki aliyong'olewa jino. Tangu hapo za mbele amezibadilisha mara tatu. Hizi za nyuma zilikuwa kama zimetoka dukani jana.

"Zimeisha?"

Bwana Gurdeep alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kilemba cha kijivu, ndevu nyeupe, na plasta kwenye paji la uso. Fundi akiulizwa kama pedi zimeisha, jibu liko mkononi mwake, halihitaji kutafutwa. Mulwa alilitafuta.

"Zimekaa sana," akasema.

"Si nilikuambia? Breki ya zamani hii. Unakanyaga, yenyewe inakuangalia tu. Toa yote, weka mpya."

Mpya ilikuwa kwenye boksi juu ya meza, imeletwa na Ishan, mpwa wa Bwana Gurdeep, kutoka Uingereza. Diski nyembamba yenye matundu matundu, nyepesi hata ukashangaa kama itashika kitu. Kalipa, kile kibanio cha pedi, ndogo ya kutosha kiganjani. Mpira wa mafuta uliosukwa kwa nyuzi za chuma. Karibu na hiyo, diski ya zamani ilikuwa nzito kama kifuniko cha mtaro, lakini Mulwa alipopitisha ukucha juu yake hakuhisi mfereji wala kovu. Alipima kwa macho, kisha kwa kipimo. Alisukuma pistoni za kalipa ya zamani kwa kidole gumba, zikarudi ndani bila kulia. Hapakuwa na kutu. Hapakuwa na chochote.

Akaketi. Goti la kushoto likalia kwa niaba ya pistoni.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mwaka sabini na saba, tangi rangi ya damu ya mzee, mistari ya dhahabu iliyochorwa upya mara mbili kwa mkono. Bwana Gurdeep aliinunua akiwa kijana. Mulwa aliikuta pale alipoingia gereji ya baba yake Gurdeep, uchochoro wa nyuma ya Kirinyaga Road, akiwa na miaka kumi na saba na shati la shule ya msingi ambalo lilikuwa bado halijaisha. Alianza kwa kufagia vyuma. Akapewa spana nambari kumi, halafu kumi na mbili, halafu injini. Kwa miaka thelathini na zaidi hakuna aliyegusa pikipiki hiyo isipokuwa wao wawili.

Gereji ilifungwa. Siku hizi pale wanauza vioo vya simu. Mulwa akahamia chini ya bati moja karibu na soko la Kangemi, akawa anaziba mipira ya bodaboda. Vijana wanamwita Buda, wanamwachia gurudumu na kwenda kunywa chai. Kazi haihitaji kufikiri, na mikono isiyofikiri huchoka upesi kuliko ile inayofikiri, jambo ambalo hakuna aliyemwambia mapema. Lakini mara moja kwa mwezi aliosha mikono kwa sabuni, akatia spana kwenye begi, akatembea mpaka Spring Valley. Huko bado alikuwa fundi.

Asubuhi ile Sejal alikuwa amemsubiri getini.

Sejal ni binti wa Bwana Gurdeep, wa pekee. Jina alipewa na mama yake Hemlata, aliyekuwa Mgujarati, na ambaye sasa ni picha yenye shada la maua sebuleni. Utotoni alikuwa akiwekwa juu ya tangi la pikipiki akishika vioo viwili kama pembe za ng'ombe, na Mulwa ndiye aliyemshikilia asianguke. Sasa ana duka la dawa Westlands na mvi mbili tatu ambazo hazifichi. Alimwonyesha geti. Bati lilikuwa limebonyea ndani, mahali pa urefu wa gurudumu.

Wiki tatu zilizopita baba yake aliteremka ile njia ya changarawe kutoka nyumbani, geti likiwa limefungwa, na hakusimama. Alisema breki ilikataa. Breki ya mbele ilishika peke yake, gurudumu likateleza, akaenda na kila kitu mpaka kwenye bati. Tangu siku hiyo Sejal amefunga geti kwa kufuli, watu wakipita kilango chembamba cha pembeni, na ufunguo anatembea nao.

"Anko, mimi sijui mambo ya spana," alimwambia. "Kuna mtu Woodley anaitwa Haron, anakusanya pikipiki za zamani. Ameomba hii mwaka mzima. Ukiniambia ilikuwa breki, utatengeneza na nitafungua hili geti. Ukiniambia ni Papa, Haron atakuja Jumamosi na pickup. Nitakuamini wewe. Yeye simwamini, na daktari wake anaongopewa kama mimi."

Mulwa alisema sawa. Alisema kama mtu anayekubali kubebeshwa gunia kabla ya kujua lina nini.

Sasa lilikuwa mgongoni.

Hata hivyo kazi ni kazi. Alifunga diski mpya, akakaza boliti kwa msalaba, kidogo hapa, kidogo pale, asiipinde. Alitengeneza kipande cha chuma cha kushikilia kalipa, akakipiga msasa mpaka kikakaa bila kulazimishwa. Bwana Gurdeep alihadithia kutoka mlangoni: gari la rali la mwaka themanini na tatu, mteja aliyeleta mbuzi badala ya pesa, mbuzi aliyekula leja ya karani. Mulwa alizijua hadithi zote. Alicheka mahali pa kuchekea. Saa tisa gurudumu lilikuwa limerudi, mpira wa mafuta umefungwa, na ikabaki kutoa hewa.

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine anafungua skrubu ndogo kwenye kalipa, mafuta yanatoka na mapovu yake, skrubu inafungwa, ndipo pedali inaachiwa. Ikiachiwa mapema, breki inavuta hewa ndani na mnaanza upya. Kwa hiyo ni lazima waongee. Katika gereji ile ya zamani, Mkamba, Mjaluo na Mkikuyu wote waliongea kwa Kipunjabi cha Mzee Singh, baba yake Gurdeep, maneno mawili tu. Wa chini akisema "dab", wa juu anakanyaga, na pedali ikifika mwisho anajibu "dab". Wa chini akifunga skrubu anasema "chad", wa juu anaachia. Ilikuwa marufuku kujibu kabla ya kufika. Mzee Singh alimfukuza mtu kwa hilo, akamrudisha baada ya wiki.

Na mwenye kukanyaga alikuwa Gurdeep, siku zote. Mwana wa tajiri, asichafuke mikono.

Sasa Bwana Gurdeep alipanda kwenye kiti cha pikipiki akishika bega la Mulwa. Ilichukua muda. Mulwa akachuchumaa nyuma upande wa kulia, spana kwenye skrubu, kimpira cheupe kikiingia kwenye chupa.

"Dab."

"Dab," akajibu Bwana Gurdeep.

Mulwa alifungua. Mafuta hayakutoka. Tone moja lilikuja likasimama, kama linaloona haya. Akafunga.

"Chad."

Walirudia. Mara nyingine mafuta yalikuja kwa kishindo pamoja na mapovu, mara nyingine hayakuja kabisa, mara nyingine yalikuja na kurudi yakinywa hewa. Mulwa alilaumu skrubu, akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Alilaumu mpira uliosukwa. Alilaumu masta, ile silinda ndogo inayosukuma mafuta pedali ikikanyagwa. Akaifungua yote, akapanga vipande juu ya gazeti, akaviosha, akaifunga. Saa nzima ikaenda. Mgongo wake ulikuwa umeshaondoka zamani kwenda nyumbani, ukamwacha yeye pale.

"Dab."

"Dab. Nimekanyaga, wewe fungua."

Hapo, badala ya kufungua, Mulwa aliinua kichwa. Katika miaka yote ile hakuwahi kuinua kichwa. Ukishajibiwa, unaangalia skrubu. Huangalii mguu wa mtu.

Mguu ulikuwa unakanyaga kweli. Paja lilikuwa limekaza ndani ya suruali. Lakini ulikuwa unakanyaga chuma cha kuwekea mguu, inchi mbili kando ya pedali. Pedali ilikuwa juu, haijaguswa. Na mguu wenyewe ulikuwa mtupu. Ndara ya kulia ilikuwa imebaki mlangoni chini ya kiti, pale ilipochopoka bila mwenyewe kujua, na Bwana Gurdeep alikuwa ametembea hatua sita juu ya saruji na vipande vya chuma kwa mguu mmoja uliovaa na mmoja usiovaa, kama vile yote miwili imevaa.

Mulwa aliweka spana chini. Alikwenda mlangoni, akaichukua ndara. Akarudi, akapiga goti, akaushika mguu ule kwenye kisigino. Ulikuwa baridi. Kwenye unyayo palikuwa na kipande cha chuma kimejichoma, kidogo kama punje ya mchele; akakitoa kwa kucha. Akamvalisha ndara. Muda wote huo Bwana Gurdeep alikuwa anatazama mbele, ukutani, akisubiri kuambiwa "chad".

"Mulwa? Umelala huko?"

Akatazama chini. Akakiona kisogo cha fundi wake mahali ambapo hakikutakiwa kuwa.

Ndege walipiga kelele kwenye ua wa nyuma. Jirani fulani alikuwa akikata nyasi kwa mashine.

"Tangu lini?" Mulwa akauliza.

"Mwaka juzi." Aliongea kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya kitu. "Sukari. Kwanza vidole, sasa mpaka hapa. Huu wa kushoto bado mzima."

"Sejal anajua?"

"Sejal anajua sukari. Mguu hajui."

Mulwa alikaa juu ya gunia lake. Alifikiria pedi nene. Miaka miwili mtu anateremka barabara za Spring Valley na breki ya mbele peke yake, na mguu ukimwambia uongo, na yeye akiuamini.

"Mwambie ilikuwa breki," Bwana Gurdeep akasema. "Si umeweka mpya? Basi. Ni neno moja tu, Mulwa. Sitaenda mbali. Nafika pale kona, nageuka. Mimi nimebakiza hiyo kona."

Mulwa alikusanya spana. Aliziosha kwa petroli moja moja, polepole kuliko ilivyohitajika. Alisema kwamba kazi haijaisha, kwamba kesho asubuhi atapita mjini kutafuta kitu.

"Kitu gani?"

"Kitu," akasema.

Akatembea kurudi Kangemi kupitia Lower Kabete Road, begi likimvuta bega moja, magari ya watu wanaorudi makwao yakimpita kwa upepo. Kwa jinsi alivyochoka, kulikuwa na sehemu yake iliyotaka Haron aje. Haron aje na pickup, wafunge kamba, iende Woodley ikasimame kwenye karakana ya mtu mwingine, na yeye Mulwa asiwe tena na mahali pa kuoshea mikono kwa sabuni mara moja kwa mwezi. Abaki na mipira yake. Mtu akishakuwa mzibaji wa mipira tu, hakuna anayemwuliza ukweli. Aliibeba hiyo fikra mpaka kwenye daraja la Kangemi, na pale mtu akamwita, Buda, gurudumu langu, akaiacha hapo.

Alipokuwa akisugua mpira ule kwa msasa kabla ya kuutia gundi ndipo alipomkumbuka Mzungu wa matope. Mwaka themanini na kitu. Mshindani wa mbio za pikipiki za kwenye matope, alivunjika kifundo cha mguu na bado alitaka kushindana Jumapili. Mzee Singh alimcheka kwanza. Halafu akaichukua breki ya nyuma na kuihamisha, akaiweka kwenye usukani chini ya klachi, isukumwe kwa kidole gumba. Mulwa ndiye aliyeshika tochi.

Kirinyaga Road asubuhi ilikuwa imejaa kabla jua halijapanda. Okinyi alikuwa na kibanda cha spea za mitumba, upana wa mlango mmoja, kila kitu kimening'inia mpaka ukaingia kwa kuinama. Yeye na Mulwa walifagia vyuma pamoja. Yeye aliondoka mapema, akanenepa.

"Niaje mzee wa Kangemi. Leo umevaa shati la kanisa, nani amekufa?"

Mulwa alisema anataka masta ya breki ya mkono, ya skuta, ile ndogo kabisa.

"Ya skuta?" Okinyi akamtazama juu ya miwani. "Kalasinga wako ameanza kupelekea watu mayai?"

"Wacha mdomo. Pistoni ndogo, na mtungi wake usiwe umepasuka. Na swichi ya taa iwe inafanya."

"Swichi ya taa, anasema. Si useme tu nikutolee mpya nikuchome kwa bei?"

Walitafuta kwenye makarai matatu. Okinyi aliongea muda wote, na Mulwa alijaribu kila masta kwa kidole gumba huku amefumba macho. Kubwa inakataa kidole, inataka mguu. Ndogo inakubali, lakini inakwenda mbali kabla ya kushika. Kwa ile kalipa mpya ya Ishan yenye pistoni ndogo, ndogo ingetosha. Alipata moja. Akaibonyeza mara ishirini. Okinyi alikuwa amenyamaza.

"Ni mguu?" akauliza.

Mulwa akaguna.

"Mama yangu pia. Alikanyaga kaa la moto, akaendelea kupika." Akaifunga ile masta kwenye gazeti, akaifunga na uzi juu. "Mwambie namsalimu. Mwambie ni yule wa mbuzi aliyekula leja."

Kijiko cha kubonyezea ile breki kilikuwa kirefu, cha vidole vinne. Mulwa alimpelekea mchomeaji wa uchochoro wa pili, wakakikata, wakakikunja, wakakilainisha ncha iwe pana kama kijiko cha chai, kidole kisiumie. Mchana alikuwa Spring Valley.

Bwana Gurdeep alitazama kile kidude bila kukigusa. Alikijua. Alikuwepo ile Jumapili, yeye ndiye aliyempeleka Mzungu uwanjani.

"Baba alisema ni breki ya vilema," akasema.

"Yule Mzungu alimaliza wa pili."

"Wa tatu."

"Wa pili, mzee. Wa tatu alikuwa yule wa Nakuru."

Bwana Gurdeep hakubisha zaidi. Mulwa akaanza. Alifunga masta chini ya klachi, akaigeuza mpaka kidole gumba cha Bwana Gurdeep kikaifikia bila kiganja kuhama. Akapitisha mpira mrefu zaidi chini ya tangi. Akavuta waya wa taa ya nyuma, uliokuwa ukiwashwa na pedali, akauleta juu. Kisha wakatoa hewa. Safari hii wa juu alikanyaga kwa kidole.

"Dab."

"Dab."

Mafuta yakatoka na mapovu yake, laini, bila kusita. Chad. Tena. Tena. Yakaanza kutoka safi kama chai ya rangi iliyochujwa vizuri. Bwana Gurdeep alijibu kila mara mahali penyewe, si kabla wala si baada, na mara moja Mulwa alipochungulia aliona ukucha wa kidole kile umekuwa mweupe kwa kubonyeza. Gurudumu la nyuma likizungushwa, lilisimama papo hapo.

Ikabaki pedali. Mulwa alichukua spana kumi na mbili.

"Hiyo acha," Bwana Gurdeep akasema.

"Haina kazi tena."

"Acha ikae. Iko hapo tangu sabini na saba. Pikipiki bila pedali ni kama..." Akatafuta, akakosa. "Watu wataona."

Mulwa alikuwa amelala tena ubavu, shavu karibu na chuma. Pedali ilikuwa imelika katikati, mistari ya mpira wake imefutika, imepata bonde dogo la umbo la kiatu kimoja.

"Nikiiacha, mguu utaikimbilia," akasema. "Siku gari likiingia mbele yako hutafikiri kidole. Mguu utaenda wenyewe, miaka hamsini umeenda wenyewe. Utakanyaga kitu, utaona umekanyaga, na kidole kitalala."

"Na isipokuwepo?"

"Isipokuwepo utakanyaga hewa. Labda paja litakuambia."

"Labda."

"Labda, mzee."

Bwana Gurdeep alitazama upande wa nyumba kwa muda. Halafu akaondoka kwenye kiti, akaegemea ukuta, akachuchumaa kidogo kidogo mpaka akakaa kwenye gunia kando ya fundi wake. Hakuwa amekaa chini pale tangu msiba wa Hemlata. Alinyoosha mkono.

"Leta," akasema.

Mulwa akampa spana. Mwana wa tajiri akafungua boliti ile mwenyewe, na ilikuwa ngumu, na Mulwa hakumsaidia. Ilipotoka, aliishika pedali mkononi, akaipima uzito, kisha akaitia kwenye begi la Mulwa katikati ya spana.

"Usiniachie hapa," akasema. "Nitairudisha."

Sejal alikuja saa kumi na moja, bado amevaa koti jeupe la dukani. Alimkuta baba yake ameshapanda, pikipiki imewashwa na kusimama mbele ya gereji, ikinguruma ile sauti yake nzito ya zamani. Alipita mbele yake, akamwendea Mulwa.

"Anko. Ilikuwa breki?"

Bwana Gurdeep alikuwa anawatazama kupitia kioo. Mulwa aliyaona macho yale kwenye duara dogo la kioo, na aliona yanaomba nini, na kwamba hayataomba mara ya pili. Alijifuta mikono. Kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Hapana," akasema. "Breki ilikuwa nzima. Pedi zake hazikuguswa."

Sejal akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti.

"Mguu wa kulia haumsikii. Jana nilimvalisha ndara, hakujua."

"Wewe Mulwa," Bwana Gurdeep akasema kutoka kule, si kwa hasira. Basi.

Mulwa alimwonyesha Sejal pale pedali ilipokuwa: tundu la boliti, na chuma kinachong'aa mahali ambapo jua halijapiga kwa miaka hamsini. Akamwonyesha kijiko kidogo chini ya klachi. Akamwambia kidole kinasikia. Amekijaribu mara nyingi, kinasikia.

"Na kikiacha kusikia?"

"Siku hiyo nitafungua na hiki pia, nikuletee mwenyewe mkononi."

Sejal alimtazama vile mfamasia anavyotazama karatasi ya daktari ambayo mwandiko wake haujamridhisha. Simu yake ikalia kwenye mfuko wa koti. Akaitazama, jina la Haron lilionekana. Akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Papa," akasema bila kugeuka. "Mpaka getini. Limefungwa."

Bwana Gurdeep akatia gia kwa mguu wa kushoto. Pikipiki ikaondoka taratibu, magurudumu yakisaga changarawe, ikaanza kuteremka ile njia kati ya miti. Walibakia nyuma, Mulwa na Sejal, wakitazama mgongo wa mzee, kilemba, na taa ndogo ya nyuma ambayo haikuwa na rangi yoyote kwenye kivuli. Mteremko ukakaza. Geti lilikuwa pale chini, na bonde lake kwenye bati.

Mulwa aliona mguu wa kulia ukiinuka. Ukateremka mahali penyewe, kwa uhakika wote wa miaka hamsini, ukakanyaga hewa. Ukaenda chini, ukaendelea kwenda, ukaning'inia.

Taa ilikuwa bado haijawaka. Sejal aliushika mkono wa Mulwa juu ya kiwiko, vidole vikaingia nyamani.

Kisha ikawaka.

Nyekundu, ndogo, bila kutetemeka. Gurudumu la nyuma likakaa chini kwenye changarawe, likaacha mstari mfupi. Pikipiki ikasimama hatua moja kutoka kwenye bati, ikinguruma. Bwana Gurdeep alishusha mguu wa kushoto chini. Hakugeuka nyuma. Alikuwa ametazama kufuli.

Sejal alimwachia Mulwa mkono. Alitoa ufunguo kwenye koti, akaushika, akawa anaugeuza na kuugeuza katika kiganja. Mulwa aliokota begi lake. Lilikuwa zito kuliko lilivyokuja, likamvuta bega la upande ule ule, naye akalibadilisha, akasimama.

Kule chini mzee hakuachia kidole. Taa ilikuwa bado nyekundu.